Gari Likae Juu Kiasi Gani

Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu. Niko Msimbu kwenye mihogo na mikorosho yangu, jembe mkononi, mara inalia: "Bi Zai, gari linagonga chini, tufanyeje?" Naeleza, ninyi vijana wa gereji mnasema mmeelewa, kesho yake anapiga mwenzenu na swali lile lile. Kwa hiyo nimeona nikae kibarazani niandike mara moja, kila mtu asome, nami nipalilie kwa amani. Habari za vyeo hamtazikuta humu, kwa sababu gereji yetu ya Kibaha haikuwa na vyeo. Kulikuwa na wanaojua na wanaojifunza, na mtu aliweza kuwa vyote viwili kabla ya chakula cha mchana. Nitaandika juu ya jambo moja ambalo lilinishangaza siku ya kwanza na bado linanishangaza: gari likae juu kiasi gani kutoka ardhini.

Wengi wenu hamkumkuta Fundi Shomari. Alikuwa mtu wa Maneromango, mfupi, mkimya, na kazi yake ilikuwa springi na shokapu tu. Injini hakuigusa; alisema injini ina kelele nyingi. Mimi nilifika kwake nikiwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana pekee, na gereji nyingine zote za Maili Moja zilikuwa zimeniambia nirudi wiki ijayo, ile wiki ijayo isiyofika. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." Akaitikia, "Marahaba," akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Viatu hivyo utaviharibu." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ile hakunipa spana. Alinichukua hadi kwenye ghala la saruji kando ya barabara ya Morogoro, ambako lori lilikuwa linapakiwa, akaniambia nichuchumae pembeni. "Angalia springi," akasema. "Usiangalie watu." Nikachuchumaa. Wachukuzi wakaanza kupakia mifuko juu, na vile vyuma vilivyolala kimoja juu ya kingine, vimepinda kama upinde, vikaanza kunyooka. Mimi nilikuwa nimesoma habari za springi darasani na kuzifaulu. Lakini sikuwa nimewahi kukaa nikaona chuma kinene kuliko kidole gumba kikiinama polepole, halafu mchukuzi akiruka chini, kikinyanyuka tena kidogo. Nilisahau kwamba miguu inaniuma.

"Umeona nini?" akaniuliza lori lilipojaa.

"Limeshuka, fundi."

"Limeshuka sawa?"

Nikasema limeshuka sawa. Akatikisa kichwa, akanionyesha springi ya nyuma kulia. Alisema ile ilikuwa inakubali mzigo upesi kuliko mwenzake, kwa hiyo ndani yake kuna jani lililokufa, yaani kimoja cha vile vyuma kimevunjika. Dereva alikuwa mbishi, lakini wiki ile ile alilileta gerejini lori likiwa tupu, tukafungua. Jani lilikuwa limekatika katikati kabisa, chini ya bamba linaloyakaza majani pamoja, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Nilimtazama yule mzee mfupi akiosha mikono kwa petroli kana kwamba hakufanya kitu, nikajua nimefika kwa mwalimu.

Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa malori na mabasi. Somo lake lilikuwa lile lile, na alilisema mara chache: gari halina kimo chake lenyewe, kimo chake ni makubaliano kati ya springi na mzigo, na barabara ndiyo inayovunja makubaliano. Nilimsikia nikadhani nimemwelewa. Halafu zikaja zama za vijana kushusha magari. Mtu ananunua gari jema, anakata springi kwa grenda ili tairi liingie ndani ya madigadi, halafu anapita kwenye tuta kwa kukata kona kama kaa. Fundi Shomari alikataa kazi hizo zote. Mmoja alimwuliza kwa nini, akamjibu, "Mwanangu, wewe unataka picha. Nenda kwa mpiga picha." Muda si mrefu baadaye aliona inatosha, akarudi kwake Maneromango, na springi zote za gereji zikawa zangu.

Sasa nifike kwa Hamadi.

Hamadi alikuwa mtu wa Mlandizi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kabla ya duka alikuwa dereva wa malori ya masafa, na malori yale ndiyo yaliyomwachia mgongo mbovu. Kwa akili za kawaida, mtu wa namna hiyo angejinunulia kiti kizuri akakaa. Hamadi alijinunulia gari la mbio. Lilikuwa la milango miwili, la zamani kidogo, limetoka Japani na kupita mikono kadhaa mjini, linasukumwa na tairi za nyuma, na lilikuwa na shokapu za kisasa ambazo miili yake ina nyuzi kama bolti. Unazungusha ringi iliyoishika springi, gari linapanda au linashuka. Mtu asiye na subira akipewa ringi hizo, hushusha.

Upande wetu huu wa Kisarawe, mwenye shamba mmoja na wenzake walikuwa wamemwaga lami kuzunguka vilima wakapafanya kiwanja cha mbio. Palikuwa padogo lakini pagumu. Mahali pa kuogopwa paliitwa Bondeni: gari linateremka kwa kasi, linafika chini, na pale pale chini linapinda kulia na kuanza kupanda. Udongo wa Bondeni ni mfinyanzi mweusi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka, na lami juu yake haina la kufanya ila kuufuata. Kwa hiyo pale chini pana mawimbi ambayo huyaoni mpaka uyakanyage.

Hamadi alinijia gari likiwa chini sana, kazi ya fundi mwingine, na yeye mwenyewe akitembea kama aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Alisema gari linampiga Bondeni. Kabla sijamaliza kulizunguka, mkewe aliyekuja naye akanivuta pembeni, nyuma ya mapipa ya oili. Aliitwa Bi Saumu, mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya chini.

"Dada Zaituni," akasema, "daktari amemwambia pingili za chini zimebanana. Akipigwa tena vile, anaweza asisimame. Yeye anajibu mgongo ni wake. Sawa, mgongo ni wake, lakini anayemgeuza kitandani ni mimi."

Nikamuuliza kama anataka nimkataze.

"Nimemkataza mimi niliyezaa naye, hasikii, atakusikia wewe? Nataka uniambie ukweli tu. Gari hili linaweza kuwekwa likawa halimpigi, au haliwezi? Kama haliwezi, sema. Funguo ninazo mimi, na geti nitalifunga."

Sijawahi kupewa kazi kwa maneno yaliyonyooka namna ile. Wateja wengi husema "nitengenezee vizuri," na vizuri yenyewe haina mwisho. Huyu alitaka ndiyo au hapana.

Jumamosi iliyofuata nilienda nao kiwanjani, nikavaa helmeti, nikakaa kiti cha abiria ili nilisikie gari kwa mwili wangu. Nawaambieni kweli, nilitegemea mwendo, na mwendo haukunisumbua. Kilichonistaajabisha ni uzito. Tulipoteremka Bondeni na gari kugusa chini, helmeti ilinivuta shingo, mikono yangu ikagandama mapajani, mashavu yakashuka kama ya bibi yangu. Gari lile lile tulilolisukuma kwa mikono asubuhi lilikuwa zito kama lori, na uzito wote ule, wa chuma na wa watu, ulikuwa umekaa juu ya springi mbili za kushoto nisizoweza hata kuziona. Nilisema "Subhanallah" ndani ya helmeti. Hapo ndipo nilipoyaelewa yale makubaliano ya Fundi Shomari, baada ya miaka yote ile. Halafu nyuma kushoto pakalia, ta! Pigo moja kavu lililopanda kutoka kwenye kiti hadi kwenye meno. Nilimsikia Hamadi akivuta pumzi kwa meno.

Niwaeleze pigo lile lilikuwa nini. Shokapu ina safari yake, inaingia na kutoka. Juu kabisa, mwisho wa safari, pana mpira mgumu unaozuia chuma kugonga chuma. Sisi tuliuita kikomo. Gari likikaa chini sana, safari iliyobaki ni fupi, na barabara ikilikandamiza linaimaliza yote na kukalia kikomo. Tangu hapo halina springi tena. Linakuwa mkokoteni, na mkokoteni mnaujua mgongoni.

Basi inua, mtasema. Tuliinua. Gerejini tulizungusha ringi zote, tukapima kama tulivyozoea wote, futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, pembe zote zikalingana. Tukarudi kiwanjani, ta! ya kushoto ikawa pale pale. Tukabadilisha shokapu, ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaja kushoto. Ta! ikabaki kushoto. Tukabadilisha bushi, ile mipira ya viungo. Ta! Tukainua tena, na sasa pigo likapungua, lakini gari likaanza kuyumba kwenye kona kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji zisizojaa. Hamadi alitoka ndani akiwa na jasho, akasema, "Fundi, linalewa. Bora lilivyokuwa linanipiga, nilikuwa najua wapi."

Wenye magari yao pale kiwanjani, yote yamelala chini kama kenge, walikuwa wanatazama lile letu lililosimama na kucheka. Mmoja alimwuliza Hamadi kama analipeleka shambani kubeba mihogo. Hamadi alicheka nao kwa shingo upande.

Nilikuwa nimebakiza kumwambia Bi Saumu alifunge geti. Chini gari linamvunja mgongo, juu linataka kumpindua, na katikati sikupaona. Usiku sikulala vizuri, na alfajiri nikampigia simu Fundi Shomari. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akaniuliza swali moja: "Gari hilo liligongwa wapi?"

Nikamwambia sijui kama liligongwa.

"Zaituni, gari limepita mikono mjini, halafu hujui liligongwa wapi? Nakuja."

Alikuja kwa bodaboda njia ya Mzenga, kanzu imegeuka rangi ya vumbi, na begani amezungusha bomba refu la plastiki linaloonyesha ndani, lile la mafundi uashi la kupimia usawa wa msingi. Nilimpokea, nikamkaribisha uji. Akasema uji utasubiri. Akaliendea gari, akakunja kidole, akaanza kuligonga kila pembe kama anayebisha hodi. Mbele kulia likalia. Mbele kushoto likalia. Nyuma kulia likalia. Nyuma kushoto, juu ya tairi, likatoa sauti nzito, butu, kama ukigonga boga.

"Hodi," akasema Fundi Shomari. "Hapa anaishi puti."

Tukakwangua rangi kidogo. Ilikuwa kweli. Pembe ile iliwahi kugongwa, fundi wa bodi akaijenga upya kwa bati na puti ya kuzibia mabonde, akaipaka rangi ikapendeza, na ukingo wa madigadi akauweka juu kidogo kuliko mwenzake. Nani angejua? Kazi ilikuwa safi. Lakini sisi tulikuwa tunapima kutoka kwenye ukingo ule. Tulipolinganisha namba za futi kamba, tulikuwa tunaishusha chesisi upande wa kushoto kwa makosa yale yale ya puti, kila mara, kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana kushoto kulipiga hata gari lilipoinuliwa, na ndiyo maana lilipoinuka zaidi lilisimama kwa miguu isiyolingana likayumba. Huko yalikotoka magari haya labda wanaweza kuamini madigadi. Sisi, ambao magari yetu yote yamezaliwa mara mbili, tusiyaamini.

"Pima kutoka kwenye mfupa," akasema Fundi Shomari. "Nyama hujazwa."

Mfupa ni zile bolti zinazoshika kwenye chesisi mikono ya chini, vile vyuma vinavyokwenda hadi kwenye tairi. Lakini ukipima kutoka bolti hadi sakafuni, sakafu nayo iwe ya kweli, na sakafu ya gereji yetu mnaijua, ina mteremko wa kupeleka maji ya kuoshea mtaroni. Hapo ndipo bomba lilipofanya kazi. Tulilijaza maji, tukatoa viputo vyote, mmoja akashika ncha moja kwenye tairi la mbele, mwingine ncha nyingine kwenye tairi la nyuma, tukasubiri maji yatulie. Nilikuwa nimeona mafundi uashi wakifanya hivyo tangu utoto bila kunishughulisha. Siku ile nilipiga magoti nikayatazama yale maji yakipanda na kushuka ndani ya bomba, yakisitasita, halafu yakasimama, huku na huku, sawasawa, ingawa katikati palikuwa na gari zima. Nikaona aibu kwa kuwa niliwahi kuyaona ni kitu cha kawaida. Tukaweka vigae vya sakafu na vipande vya plaiwudi chini ya tairi mpaka zote nne zikakaa kwenye usawa mmoja.

Hamadi alitaka kutuma mifuko ya saruji kutoka dukani kwake ikae kwenye kiti badala yake, aende zake.

"Mfuko wa saruji hauna mgongo," akasema Fundi Shomari. "Panda wewe. Na hiyo helmeti uivae."

Akapanda, akakaa na helmeti katikati ya gereji, wateja wengine wakimshangaa. Tukapima mifupa. Tofauti ya kushoto na kulia ilikuwa unene wa kidole changu kidogo. Nilikitazama kile kidole. Kusimama au kutosimama kwa mtu mzima, baba wa watoto, kulikuwa kumekaa juu ya kiasi kile cha puti.

Kutoka hapo kazi ilikuwa njema, na ndiyo ninayotaka muishike. Tulizungusha ringi mpaka mifupa ikalingana. Tukatazama mikono ya chini: ukilishusha gari mno, mikono hii inapanda kuelekea tairini, na hapo gari linaanza kulala zaidi kwenye kona badala ya kulala kidogo. Nilipoliona hilo kwa macho yangu nilicheka peke yangu. Vijana wanashusha ili lisilale, nalo linalala zaidi. Mkono uwe sawa na ardhi au uiname kidogo kuelekea tairi. Kisha tukapanga upya tairi zielekee mbele sawa, kwa maana ukigusa kimo umegusa na mwelekeo. Mwisho nikavalisha rababendi kwenye nondo ya kila shokapu. Gari likikandamizwa, rababendi inasukumwa mpaka pale safari ilipofika, na inabaki pale. Haina gharama na haidanganyi.

Kiwanjani Hamadi alizunguka taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Mimi nilisimama Bondeni kwenye majani, Fundi Shomari kando yangu amefumba macho. Gari likapita. Tairi zililia, injini ilinguruma, na ile ta! haikuja. Likapita tena, haikuja. Liliinama Bondeni lote kwa pamoja, likajikusanya, likapanda kilima likiwa limenyooka, nami machozi yakanitoka bila sababu ya maana. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, basi. Fundi Shomari alifumbua macho akasema, "Sasa naomba ule uji."

Rababendi ya kushoto ilikuwa imefika karibu na kikomo bila kukigusa. Gari lilikuwa jepesi, la haraka, na Hamadi alikuwa na uso wa mtoto wa Idi. Nikamwambia nitaongeza ringi kidogo, lipande kidogo tu.

"Kwa nini, fundi? Halijagonga."

"Halijagonga leo. Masika ikija, Bondeni patavimba. Nafasi hiyo naiacha kwa ajili ya mvua."

"Nitapoteza mwendo."

"Utapoteza kidogo."

"Hawa watanicheka," akasema kwa sauti ya chini, akitazama yale magari yaliyolala.

"Watakucheka umesimama," nikamwambia. Akageuka akaenda kunywa maji, na mimi nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Nikaongeza.

Nilipoinuka kujipangusa magoti, Bi Saumu alikuwa amesimama nyuma yangu. Siku zote alikuwa akikaa ndani ya gari lao la kawaida, mbali, kioo amepandisha, mgongo ameupa kiwanja. Sikumsikia akija.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Halimpigi?"

"Halimpigi, Bi Saumu."

Hakuwa na dharau. Alinitazama kama unavyomtazama mkunga. "Nakuamini," akasema, "lakini wewe unasikiliza kutoka nje. Nataka nisikie anachosikia yeye. Nipe ile kofia uliyovaa wewe."

Hamadi aliposikia alianza kusema habari za joto na mikanda. Mkewe alikuwa ameshaanza kubana ushungi ili helmeti iingie. Akaingia kwa shida, maana magari yale hayakutengenezwa kwa watu wenye miili yao, akakaa kiti cha kushoto, na mbele ya macho yangu gari likashuka upande ule. Ile nafasi yote niliyoiacha kwa ajili ya mvua, Bi Saumu aliikalia.

Ningeweza kumwambia ashuke, kwamba gari limepimwa kwa mtu mmoja, na lingekuwa neno la kweli. Lakini angeondoka akiwa na neno langu tu, na neno la fundi halimgeuzi mtu kitandani. Nikamwambia atulie hapo hapo alipo. Nikapiga jeki, nikalala chini, nikazungusha ringi ya nyuma kushoto, nikashusha, nikapima mfupa, nikapiga jeki tena nikaongeza, mpaka kushoto kukalingana na kulia na Bi Saumu akiwa ndani. Fundi Shomari alinishikia taa ya simu. Hakunielekeza hata neno moja, na kwa yeye kutonielekeza nilijua ninafanya sawa.

"Nenda mwendo wako ule ule," nikamwambia Hamadi. "Ukienda taratibu hatakuwa amejua kitu."

"Bismillahi," akasema Bi Saumu, na wakaondoka.

Nilikimbia kuteremka Bondeni, mimi na umri wangu. Nikasimama kwenye majani nikiwasikia upande wa pili wa kilima, sauti ya gia ikibadilika, halafu wakatokea juu. Sijawahi kuliogopa gari kama nilivyoliogopa lile. Liliteremka, likafika chini, likakandamizwa mpaka nikaona tairi la kushoto likipanda ndani ya madigadi, likapinda. Nilisikia tairi. Nilisikia injini. Likapanda kilima, likapotea, na majani yakaendelea kutikisika.

Kutoka pale chini unaona mahali pa kusimamia magari, juu, kwa mbali. Niliwaona wakifika, gari likipunguza mwendo, Hamadi akilipeleka pembeni alivyozoea kumaliza. Halafu dirishani upande wa kushoto ukatoka mkono wa Bi Saumu, jambo lililokatazwa kabisa kiwanjani, kidole kimoja kimenyooshwa, kikachora duara hewani.

Hamadi akarudi barabarani. Mimi nilikaa chini palepale kwenye majani, nikawasubiri wateremke tena.